Mstari wa Chaki wa Kwadaso

Ukifika Kumasi ukalitaja jina la Kwaku Amponsem, mtu wa kwanza utakayekutana naye atakunyooshea kidole nyumba. Wa pili atakuonyesha nyingine. Ile yenye baraza la mviringo pale Asafo, ya yule mama muuza vitambaa aliyetaka kumwona mgeni kabla mgeni hajamwona yeye, ni kazi yake. Ile ya Bantama ya mwenye malori, ambayo banda la gari ni kubwa kuliko sebule, ni kazi yake. Zile ghorofa za walimu nyuma ya reli, kazi yake. Nyumba za kukaa watu tu. Kanisa hakuchora, benki hakuchora. Watu waliacha kuhesabu zilipopita mia tatu. Mimi ni mke wake, Yaa Dufie, mwoka mkate, na katika miaka yote niliyoishi naye sikulala hata siku moja chini ya paa lililoitwa letu. Nasema kwa hasira kwa sababu hasira ninayo. Nilimpenda pia, na hilo mtalisikia.

Chanzo cha mahangaiko yetu kilikuwa fufu, chakula chetu cha mihogo na ndizi zinazotwangwa kinuni. Kwaku alirudi kutoka Uingereza, alikosomea usanifu wa majengo, mwaka mmoja kabla ya uhuru, akapewa kazi ya kuchora ghorofa za walimu. Alizichora nyeupe, nyembamba, zenye madirisha mapana na ngazi safi. Jikoni alichora pa mtu anayechemsha yai. Jumapili ya kwanza baada ya walimu kuhamia, wake zao wa ghorofa ya pili na ya tatu waliweka vinu sakafuni, wakainua michi. Jengo zima likadunda. Sahani zikatembea mezani. Mwalimu wa hesabu wa ghorofa ya chini alikuwa amemwalika msanifu mwenyewe aje kula na kushukuriwa, na kabla shukrani haijatoka mdomoni, kipande cha dari kikatumbukia katika bakuli la mchuzi wa karanga na kuurusha kwenye tai ya mgeni.

Mimi nilikuwa mlangoni na kapu langu la mkate. Niliona kila kitu.

"Bwana Amponsem," mwalimu akauliza huku akipangusa miwani, "na hii nayo umeichora?"

Wanawake walikuwa wameshajaa kwenye ngazi, michi mikononi.

"Kaka, wewe ulinyonyeshwa na nani? Mama yako hakutwanga?"

"Mwacheni, huko alikokuwa walikuwa wanakula karatasi!"

Kijana yule hakucheka wala hakukasirika. Aliweka kiganja ukutani kama mtu anayempima mtoto homa. Akainua macho kwa wale wanawake. "Endeleeni kutwanga," akasema.

"Tuendelee?"

"Endeleeni. Nataka kusikia inauma wapi."

Nilimcheka mpaka nikaweka kapu chini. Miezi michache baadaye nikaolewa naye. Msichana mwenye akili angejiuliza mwanamume anayesikiliza kuta namna ile atapata wapi muda wa kumsikiliza yeye, lakini mimi nilijiona nimepata mtu asiyeona haya kukosea.

Tangu siku hiyo kila nyumba aliyochora Kwaku ilikuwa na mahali pa kinu uani, sakafu nene ya zege juu ya ardhi, hata kama mwenye nyumba alikuwa tajiri wa kununua fufu ya watu. Na tangu siku hiyo akaapa kwamba hataiamini nyumba yake yoyote mpaka alale ndani yake. Ikiisha, mwenye nyumba akishapokea funguo, Kwaku alimwomba chumba kimoja cha kupanga. Walikubali kwa furaha. Hawakujua wanamkaribisha mtu wa kugonga kuta alfajiri, wa kupanda na kushuka ngazi bila kubeba kitu, wa kumwaga ndoo ya maji barazani aone yanakimbilia wapi. Akishapata ugonjwa wa nyumba, mlango unaovuta moshi wa jiko hadi chumbani, dirisha linalomchoma mtu usoni saa tisa mchana, anautibu katika ramani inayofuata, na hapo miguu yake inaanza kuwasha. Dalili niliijua. Alianza kula amesimama.

Mwoka mkate hawezi kuishi hivyo. Tanuri langu ni la udongo. Unalijenga kwa mikono, unalikausha kwa moto mdogo, unakaa nalo mpaka unajua ubavu upi huunguza na upi huchelewa. Ukishalizoea, mumeo anasimama na bakuli lake dirishani. Vitanda unapakia garini, vyungu unapakia, kuku unapakia. Tanuri unaliacha. Niliacha Asafo, nikaacha Ahinsan, nikaacha Tafo, nikaacha Bantama. Mengine yaligeuzwa mabanda ya kuku. La Tafo nililikuta siku moja mama mmoja analiokea mkate, mkate wenyewe umeungua ubavu wa kushoto, na nikaona wivu kama nimemkuta na mume wangu.

"Mama Afia," Kwaku angeanza, sauti laini, "nyumba ya Ahinsan ina upepo, hujapata kuona."

"Upepo hauivishi mkate."

"Nimekuchorea mahali pa tanuri, pazuri kabisa."

"Umenichorea mangapi? Mimi nataka tanuri moja, nizeeke nalo. Hata wewe ukitaka uende."

"Nikienda utanikosa."

"Nitapumzika, bwana!"

Alicheka, na mimi nikacheka, na kesho yake nilikuwa nafunga vyungu kwa magazeti.

Kiwanja cha Kwadaso alikipata mwaka binti yetu Afia alipoanza shule. Hicho ni chetu, alisema, na mimi nikamwamini. Afia alimaliza shule, akaolewa, akazaa, na nyumba ya Kwadaso haikuwa na paa. Nyumba za watu zilianza mvua zikiisha na kumalizika kabla hazijarudi. Yetu ilipanda ukuta ikashuka ukuta. Ngazi zilikuwa mbele, zikaenda nyuma, zikawa mbili, zikawa moja. Kweli, ilikuja miaka ambayo saruji ilipotea nchi nzima na watu walikuwa wanasalimiana kwa kuulizana wapi imeonekana. Lakini hata ilipoonekana, ilikwenda kujenga kile ambacho wiki iliyotangulia kilibomolewa.

Fundi wake mkuu, Mumuni, mtu wa kaskazini asiyejua kudanganya, aliniambia siku moja: "Mama, nyumba hii nimeijenga mara nne, nimeibomoa mara tano."

"Inawezekanaje, Mumuni?"

"Mara moja aliniambia nibomoe kabla sijajenga."

Majirani walipita wakitania kwamba msanifu anasubiri paa lishuke lenyewe. Wao waliona kichekesho. Mimi nilikuwa naona sufuria zangu barabarani. Kwetu Waasante mtoto ni wa ukoo wa mama, na mali ya mwanamume akifa huenda kwa dada yake na wana wa dada yake. Leo kuna sheria inayomlinda mjane; wakati ule hakuna aliyekuwa ameiota. Mjane alilia siku zake, akavua nguo nyeusi, akaonyeshwa mlango. Dawa ilikuwa moja tu. Mume akupe nyumba akiwa hai, mbele ya watu wa ukoo wake, na wewe utoe kinywaji cha shukrani, aseda, wanywe, washuhudie. Wakishakunywa, hakuna wa kuirudisha. Shukrani isipotolewa, hata kama mume alikuimbia kila asubuhi kwamba nyumba ni yako, umeimbiwa tu.

Nilimwambia mara nyingi. "Kwaku, nipe nishukuru."

"Utashukuru matofali? Ngoja iishe."

"Itaisha lini?"

"Nimebakiza kitu kidogo tu pale katikati."

Kitu kidogo pale katikati. Nililisikia neno hilo mpaka nikalichukia.

Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, daktari akamkataza ngazi na jua na kazi za ujenzi. Tulikuwa tumepanga Bantama tena, chumba cha chini katika nyumba ile ya mwenye malori. Alilala siku mbili. Siku ya tatu nilirudi kutoka tanurini nikamkuta amesimama dirishani, bakuli mkononi, anatafuna huku anatazama upande wa Kwadaso. Nilijua hakuna nyumba nyingine ya kuhamia, na nilijua kwamba akifa wiki ile mimi ni mtu wa kurudi kijijini kwa kaka zangu, na uzee wangu, bila hata tanuri.

Nikachukua mikate miwili nikaenda Kwadaso mwenyewe, nikiwa na nia ya kumtukana Mumuni kwa kuwa mwenye kutukanwa alikuwa mgonjwa. Nikamkuta Birago.

Birago ni dada yake Kwaku, mkubwa wake. Katika ukoo wao yeye ndiye mama mkuu, neno lake likitoka wanaume hukohoa tu. Alikuwa amekaa juu ya tofali kivulini, mkungu wa ndizi miguuni, kitambaa kimefungwa kiunoni kama mtu aliyekuja kupigana.

"Eh, wifi," akasema. "Umekuja kupima mapazia?"

"Nimekuja kumletea fundi mkate. Wewe umekuja kupima vyumba?"

"Vya ndugu yangu nahitaji kupima? Navijua kwa macho."

"Basi umwambie mwanao Boadu apunguze kuleta wapangaji kuangalia. Mwenye nyumba bado anapumua."

"Boadu ni kijana, ana haraka. Wewe ni mzee, haraka yako ya nini?"

Mumuni akajifanya anatafuta mwiko. Mimi nikakaa juu ya tofali jingine, kwa sababu miguu ilikuwa inauma na sikutaka aone. Halafu Birago akasema bila kunitazama, na sauti yake haikuwa ile ya kugombana.

"Nyumba ya mama inavuja. Unajua?"

"Nyumba zote za zamani zinavuja."

"Inavuja juu ya kitanda alichofia. Mimi ndiye ninayekilalia. Mvua ikija nakisogeza ukutani, ikibadilisha upande nakisogeza mlangoni. Nimechakaza sakafu kwa kukiburuta. Shamba la kakao lililokuwa liitengeneze tuliliuza ili Kwaku apande meli. Mimi nilitolewa shule ili nauli itoshe. Nilikuwa napenda shule, Yaa. Nilikuwa nashika namba ya kwanza. Amerudi, amejengea wenye malori, amejengea wauza vitambaa. Mimi naburuta kitanda."

Habari ya shamba niliijua, kila mtu anaijua. Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye alikuwa anahama, ndani ya chumba kimoja. Nilijisikia vibaya, na kwa kuwa sipendi kujisikia vibaya nikamgeukia Mumuni.

"Na wewe, nini hicho katikati kisichoisha?"

Mumuni akatuongoza ndani. Sebuleni, juu ya sakafu ya saruji, kulikuwa na mistari ya chaki. Haukuwa mmoja. Mingi, sambamba, mingine imefutwa kwa kiatu, mingine mipya, kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma na kutokea uani, kama nguo iliyopimwa ikapimwa tena. Kati ya wa kwanza na wa mwisho ungeweza kuweka kitanda.

"Ukuta wa katikati," Mumuni akasema. "Nyumba ni mbili ndani ya moja. Milango miwili, majiko mawili. Shida ni ukuta. Leo anasema sogeza kulia, kesho sogeza kushoto. Akisogeza, ngazi inakaa vibaya, tunabomoa ngazi."

"Anasogeza kwa sababu gani?" nikauliza.

Mumuni akakuna kichwa. "Mama, mimi ni fundi tu. Ila dada yake akimtembelea, kesho yake ukuta unakwenda upande wa kushoto. Ukigombana naye wewe, unakwenda kulia."

Birago na mimi tukatazamana. Miaka yote ile nilidhani ni ule ugonjwa wake wa kutotulia. Kumbe mimi nilikuwa nashika ncha moja ya ukuta na Birago ncha nyingine, tunavutana, na yule mtu amesimama katikati na chaki.

Gari likasimama nje. Kwaku akaingia kwa viatu vya kuogea, mkono ukutani, anahema. Alituona sote wawili tumesimama juu ya mistari yake na uso wake ukawa wa mtoto aliyekutwa ameshika mtungi uliovunjika.

"Daktari alikwambia nini?" nikamfokea.

"Nilikuwa napita tu."

"Unapita kwenda wapi na viatu vya bafuni?"

"Kwaku," dada yake akasema, "mimi na huyu mwanamke unatupima kama unga?"

Akakaa juu ya mfuko wa saruji.

"Nimechora nyumba za watu wasiosalimiana," akasema. "Nimemchorea mwanamume mwenye wake watatu na kila mmoja akadhani chumba chake ndicho kikubwa. Hii siiwezi. Nikiweka ukuta hapa, dada analala karibu na choo, na mimi nilisoma kwa shamba lake. Nikiweka pale, Yaa anakosa ua wa tanuri. Nikiimaliza, mmoja wenu atanichukia. Isipokwisha mnanisema nyote wawili, lakini mnakuja. Mmoja na ndizi, mmoja na mkate."

Hapo nililia. Sikulia kwa ajili yake peke yake. Nilililia kila tanuri nililoliacha, nikamlilia pia yule mjinga aliyeweka kiganja ukutani akitaka kusikia panauma wapi, na sasa palikuwa panauma kwake na hakuna aliyegusa. Birago alijifunga upya kitambaa chake, akajifunga tena, kisha akatoka nje kupigana na kuku wa jirani.

Asubuhi yake nilimtuma Afia akaninunulie chupa ya pombe ya jini, ile ya Kiholanzi ya kijani ambayo wazee hawaikatai, na Jumamosi nikaita watu Kwadaso. Birago alikuja na mwanawe Boadu, kijana mwenye suruali ya kupigwa pasi na tabia ya kugonga kuta kwa funguo. Mumuni na Afia walikuwepo. Kwaku tulimkalisha kwenye kiti pekee. Juu yetu hakukuwa na kitu, mbingu tupu.

Nikasimama na chupa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi na yote yakanikimbia.

"Mume wangu amenipa nusu ya nyumba hii," nikasema. "Nusu ile yenye ua wa tanuri. Haina paa, haina milango, ngazi yake sijui iko wapi leo. Nimeipokea ilivyo. Naishukuru leo, mbele ya dada yake na mbele ya mwana wa dada yake. Nusu nyingine ni ya ukoo wake, na hiyo siidai, wala watoto wangu hawataidai."

"Mama mdogo," Boadu akaanza, "nusu ni neno gani? Kisheria kiwanja ni kimoja, na mjomba hajasema..."

"Boadu," mama yake akamkatiza, "funguo zako zinapiga kelele."

Boadu akazitia mfukoni. Birago hakuichukua glasi niliyomjazia. Alikuwa ananitazama, na nilijua anachopima. Akinywa, amelikata shauri kwa niaba ya ukoo mzima. Asipokunywa, chupa yangu ni pombe tu, na anaweza kungoja. Hakuwa na muda mrefu wa kungoja, kila mtu alikuwa anauona mguu wa Kwaku.

"Nusu inaanzia wapi?" akauliza.

Sote tukamgeukia Kwaku. Akaomba chaki. Tulimwinua, mimi kwapa moja na Birago kwapa jingine, akainama, akachora. Mstari ulinyooka, kutoka ukuta wa mbele moja kwa moja hadi uani. Akasimama akautazama. Akatazama upande wa dada yake. Akatazama upande wangu. Nikamwona anainua kiatu chake cha bafuni ili aufute.

"Acha!" tukapiga kelele mimi na Birago kwa pamoja.

Akaushusha mguu. Mumuni ndiye aliyecheka kwanza, halafu Afia, halafu mgonjwa mwenyewe, akicheka na kukohoa mpaka tukamrudisha kitini. Birago akaichukua glasi mkononi mwangu, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, akamtaja mama yao kwa jina, akanywa yote. Akampa Boadu. Boadu akatazama glasi kama dawa ya minyoo, lakini alikunywa.

"Nimeshuhudia," Birago akasema. "Sasa wekeni paa. Nimechoka kuloa."

Paa liliwekwa haraka kuliko jambo lolote katika nyumba ile. Kwaku hakuruhusiwa kwenda, lakini mabati yakipigwa misumari Kwadaso alikaa dirishani Bantama, ameketi, bakuli mapajani. Nilimwona anakula ameketi na nikajua safari zake zimekwisha. Nilimwuliza kama anataka chochote. Akasema nyumba ya mwenye malori ina ugonjwa mmoja ambao hakuwahi kuutibu: ukilala upande wa ukuta husikii mtu aliye jikoni. Akaniomba niimbe nikiwa napika, ajue nilipo. Niliimba siku zote zilizobaki, na sina sauti.

Alifia kwenye chumba cha kupanga. Tulimpeleka Kwadaso kulazwa aagwe, kama anavyostahili mtu kulazwa katika nyumba yake, na pale ugomvi ukazuka tena, kwa sababu sebule ilikuwa na mstari katikati na kitanda cha marehemu hakiwezi kukaa pande mbili. Birago akaamua. Tulimlaza kukatisha mstari, kichwa upande wa ukoo wake, miguu upande wangu.

"Chukua hiyo," akaninong'oneza katikati ya vilio. "Ndiyo iliyokuhangaisha."

Nikacheka kwenye msiba wa mume wangu, uso ndani ya nguo nyeusi, na watu wakadhani nalia kupita kiasi.

Birago alihamia mwezi uliofuata na kitanda cha mama yake. Alikiweka mahali pamoja na hajakisogeza. Mimi nilijenga tanuri uani, kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaacha, na nikalikausha taratibu, nikijua kwamba safari hii hakuna mtu wa kusimama na bakuli. Ndani, ukuta wa katikati ulikuwa bado ni chaki tu. Tuligombana vizuri sana bila ukuta. Ananiambia moshi wangu unavuka mpaka, mimi namwambia kuku wake hawajui kusoma mstari.

Kisha Boadu akaja na fundi mgeni na lori dogo la matofali. Alikuwa amepata mpangaji wa chumba cha mbele na mpangaji alitaka faragha. Ilikuwa asubuhi, mkate uko tanurini, Birago anafagia sebule kama anavyofagia kila asubuhi, kwa nguvu, maji kwanza halafu ufagio.

"Mama, mstari wa mjomba uko wapi?" Boadu akauliza, akitazama sakafu. Sakafu ilikuwa safi.

Birago akaegemea ufagio wake. "Ulikuwa hapa hapa. Muulize wifi yangu."

"Mimi?" nikasema kutoka mlangoni. "Siku ile mimi nilikuwa naangalia chupa."

"Mama mdogo, ulikuwa umemshika mjomba mkono wakati anachora!"

"Nilishika kwapa. Kwapa halina macho."

"Mama! Si ulikunywa? Si ulishuhudia?"

"Nilishuhudia kwamba ni nusu," Birago akasema. "Nusu inapoanzia, yule aliyejua amelala makaburini. Mfuate umuulize."

Fundi mgeni akamtazama Boadu, Boadu akatazama sakafu, akapiga hatua kulia, akapiga hatua kushoto, akiwa na kamba mkononi, na nikamwona amekuwa mjomba wake kabisa. Birago naye aliona, maana aligeuka upesi na kuanza kufagia mahali palipokwishafagiwa.

Kisha akainua pua, akanusa.

"Yaa, ubavu wa kushoto unaungua," akasema, na akamwambia fundi aondoe matofali yake mlangoni, yanaziba njia ya mkate.